Mshindi Anapoingia Mjini

 

Leo nataka tufikiri pamoja juu ya jambo la vita. Tafadhali mama, usizime redio ukisema kwamba vita ni habari za wanaume na serikali. Kabla sijamaliza utaona kwamba neno hili linafika mpaka kwenye mpaka wa shamba lako, na mpaka ndani ya nyumba yako.

Swali letu ni hili. Mtu ameonewa. Ameinuka kujitetea, naye ameshinda. Sasa anaingia katika mji wa yule aliyemwonea. Adui mwenyewe amekwisha kukimbia. Waliobaki mjini ni wazee, akina mama, watoto, wagonjwa hospitalini, na maduka ambayo wenyewe wameyaacha. Bunduki anayo yeye. Hakuna wa kumzuia. Afanye nini?

Wakati wa mapigano askari anajua kazi yake. Lakini saa ile mji unapokuwa mikononi mwake, ndipo moyo wake unapojulikana.

Hebu tuangalie mfano uliotokea karibu nasi, hapa hapa Afrika Mashariki, katika Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Wengi wetu wakati huo tulikuwa mgongoni mwa mama zetu au hatujazaliwa, lakini wazee wetu wanavikumbuka vizuri. Na walio na ndugu upande wa pili wa Busia au Malaba wamesimuliwa mengi.

Vita hivyo vilikuwa vya kugombea ardhi. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walikaa kwao Ulaya wakagawana nchi zetu. Magharibi ya ziwa Victoria walipiga mstari ulionyooka katika ramani, kwenye digrii moja kusini mwa ikweta. Lakini mto haufuati mstari wa rula. Mto Kagera unapinda, unapita kusini mwa mstari huo, kisha unarudi kaskazini na kuingia ziwani. Hivyo kipande cha nchi chenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 1,800 kikabaki upande wa Tanganyika, lakini kikiwa ng'ambo ya mto. Wakazi wake walilitegemea daraja la Kyaka kufika kwa ndugu zao wa kusini.

Jenerali Idi Amin, aliyetwaa serikali ya Uganda kwa nguvu tarehe 25 Januari 1971, alikitamani kipande hicho. Sisi Wakenya tunaijua tabia hiyo, kwa maana Februari 1976 alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilikuwa mali ya Uganda tangu zamani. Kwetu dai hilo lilipita. Kwa jirani zetu halikupita. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yalivuka mpaka, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba nchi yote mpaka mto Kagera ni ya Uganda. Watu waliuawa, wanawake walitendwa vibaya, ng'ombe kwa maelfu waliswagwa kwenda Uganda, na daraja la Kyaka likavunjwa. Maelfu ya watu walikimbia na watoto wao, na vitu walivyoweza kubeba kichwani.

Mwalimu Julius Nyerere alisema na wananchi wake tarehe 2 Novemba. Aliwaambia kwamba uwezo wa kumpiga adui wanao, sababu wanazo, na nia wanayo. Watu walitoa ng'ombe, chakula na fedha. Vijana wa mgambo waliacha majembe wakaenda kujiunga na askari. Kabla ya mwaka kwisha nchi yao ilikuwa imerudi mikononi mwao.

Ndugu msikilizaji, mpaka hapo ni nani atakayewalaumu? Mwizi ameingia nyumbani mwako usiku, umemtoa nje. Hiyo ni haki. Sina neno juu ya hilo leo. Neno langu linahusu yaliyofuata, walipovuka mpaka na kuingia katika miji ya Uganda.

Mji mdogo wa Mutukula, mpakani kabisa, ulitwaliwa Januari 1979. Uliangushwa, na baadhi ya raia waliuawa. Mwalimu Nyerere alisikitika sana alipopata habari hizo, akatoa amri kwamba raia wasidhuriwe wala mali yao isiharibiwe. Lakini tarehe 24 Februari jeshi liliingia Masaka, na siku iliyofuata likaingia Mbarara. Mizinga ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake, pamoja na makombora yale ambayo watu wa Uganda waliyaita saba saba. Askari wa Amin walikuwa wamekimbia. Hata hivyo majengo yaliyosalia Masaka yalilipuliwa kwa baruti, moja baada ya jingine, wakati mapigano yamekwisha. Ilikuwa ni kisasi cha Kagera.

Tusiwahukumu vijana wale upesi mno. Walikuwa wamepita Kagera. Waliona maiti za watu wao zisizozikwa, na nyumba zilizobaki kuta tupu. Mtu aliyeyaona hayo kwa macho yake, moyo wake unawaka. Mimi na wewe tuliolala vitandani mwetu hatuna haki ya kusimama mbali na kuwanyoshea kidole.

Lakini lazima tuulize, deni la Kagera lililipwa na nani? Waliovuka mpaka na kuua watu Kagera walikuwa wamepanda magari yao wakaenda zao. Aliyelipa ni mwenye duka la nguo, ni fundi wa baiskeli, ni mjane mwenye nyumba ya kupangisha aliyoachiwa na mumewe. Hao hawakumchukua hata ng'ombe mmoja wa Kagera.

Zaidi ya hayo, mji wa Masaka wenyewe ulikuwa umelia kwa ajili ya Amin kabla Watanzania hawajalia. Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu wa Uganda, alikuwa mtu wa sehemu za Masaka. Mwezi wa Septemba 1972 askari wa Amin walimkamata katika Mahakama Kuu yenyewe, wakamwua. Mwaka huo huo Francis Walugembe, aliyekuwa meya wa mji wa Masaka, naye aliuawa kikatili. Basi fikirini, wapenzi wangu. Mji uliofiwa na meya wake kwa mkono wa Amin ulikuja kubomolewa na watu waliokuja kupigana na huyo huyo Amin. Wazee wetu walisema, wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Hapa nyasi ziliumizwa na fahali wa kwanza, kisha zikaumizwa na yule wa pili, ambaye zilikuwa zikimngojea aje kuziokoa.

Hivyo ndivyo kisasi kilivyo. Hakina macho ya kutambua nyuso. Kinatafuta mtu wa upande ule, na yeyote aliye karibu anatosha.

Sasa tufungue Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya sita. Ukipata nafasi leo jioni soma kuanzia mstari wa nane mpaka wa ishirini na tatu. Nitakueleza habari yenyewe kwa maneno yangu. Mfalme wa Shamu alikuwa akiisumbua Israeli kwa vita mara kwa mara. Alituma jeshi kumkamata nabii Elisha. Mungu akawapofusha macho askari hao, na Elisha akawaongoza, bila wao kujua waendako, mpaka katikati ya Samaria, mji mkuu wa adui zao. Walipofumbuliwa macho walijikuta wamezungukwa. Mfalme wa Israeli alifurahi, akamwuliza nabii kama sasa awapige. Elisha akamkataza. Akamwambia awape chakula na maji, wale washibe, kisha waende zao kwa bwana wao. Mfalme akawaandalia karamu kubwa. Nao wakarudi kwao, na yale mashambulizi ya kila mara yakakoma.

Angalia mambo mawili tu katika habari hiyo. La kwanza, mfalme aliuliza kabla ya kupiga. Alikuwa na silaha, alikuwa na sababu, alikuwa na adui mkononi, lakini aliuliza kwanza. Ole wa mshindi asiye na mtu wa kumwuliza, na ole wake aliye naye ambaye hamwulizi. La pili, Elisha hakusema tu kwamba wasiwaue. Alisema wapewe chakula. Chakula hicho kilitoka katika ghala za Samaria, na Samaria ilikuwa mji uliochoshwa na vita. Rehema ya kweli ina gharama, na anayeitoa ndiye anayeilipia.

Turudi Uganda. Baada ya Masaka vita viliendelea. Walibya walikuja kumsaidia Amin, na mwezi wa Machi palikuwa na mapigano makali huko Lukaya, katika njia ya kwenda Kampala. Mwezi huo huo Waganda na watu wengine wa Uganda waliokuwa uhamishoni walikutana Moshi, wakaunda umoja wao wa kuongoza nchi yao. Entebbe ilianguka tarehe 7 Aprili. Hapo jeshi lilikaribia Kampala, lakini barabara ya mashariki iendayo Jinja iliachwa wazi, ili Walibya na wengine wapate mahali pa kutokea badala ya kupigana nyumba kwa nyumba katikati ya watu. Hilo lilikuwa tendo la busara. Nalihesabu kuwa rehema pia, kwa maana adui aliyefungiwa ndani huwaangamiza na wenye nyumba.

Tarehe 10 na 11 Aprili 1979 askari wa Tanzania, pamoja na wapiganaji wa Uganda, waliingia Kampala. Luteni Kanali Ben Msuya ndiye aliyeongoza kikosi kilichoingia katikati ya mji. Watu walitoka nyumbani wakicheza na kuwakumbatia, hata askari wakapata shida kuendelea na kazi yao. Kiswahili kilikuwa hakipendwi na wengi huko Buganda, kwa sababu walikizoea kama lugha ya askari wa kuwapiga na kuwanyang'anya. Siku hizo walikisikia kinywani mwa watu waliokuja kuwaondolea mzigo, wakawaita bakombozi, yaani wakombozi. Huko Nakasero, katika makao ya polisi wa siri wa Amin, wafungwa walikutwa wamekufa, na wachache wangali hai.

Ilikuwa siku ya furaha, na furaha ile ilikuwa ya haki. Lakini siku hiyo hiyo milango ya maduka ilivunjwa. Waliopora kwanza walikuwa wenyeji wenyewe. Mtu alipita na godoro kichwani, mwingine na gunia la sukari, mwingine na kiti cha ofisi ya serikali. Baadhi ya askari nao walijichukulia magari na vitu vingine. Mji ulikombolewa asubuhi, na jioni ulikuwa umeibiwa. Madaktari na makarani waliporudi kazini, walikuta ofisi hazina hata meza.

Katika Injili ya Luka, sura ya tatu, askari walimwendea Yohana Mbatizaji wakamwuliza, nao wafanye nini. Mimi nawapenda askari wale kwa sababu waliuliza. Yohana hakuwafukuza, wala hakuwaambia kwamba askari hawezi kumpendeza Mungu. Aliwakataza kumwonea mtu kwa nguvu, akawakataza kumsingizia mtu, na akawaambia mshahara wao uwatoshe. Ni mambo matatu madogo. Hayahitaji elimu kubwa. Lakini jeshi linaloyashika hayo matatu laweza kuingia katika mji wowote duniani, na mama akabaki anapika uji wake bila kutetemeka.

Nataka tufikiri pia juu ya Kanisa. Kama kuna watu waliokuwa na sababu ya kulipiza kisasi mwezi ule wa Aprili, ni Wakristo wa Kanisa letu la Anglikana katika Uganda. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu Askofu Mkuu Janani Luwum auawe, tarehe 16 Februari 1977, pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Kosa lake lilikuwa kwamba yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Amin barua, wakalalamika juu ya mauaji na maonevu. Serikali ilisema alikufa katika ajali ya gari. Watu waliouona mwili wake waliona matundu ya risasi. Alizikwa kijijini kwao Mucwini, mbali na kanisa lake kuu la Namirembe. Tangu mwaka 2015 tarehe hiyo ya 16 Februari ni sikukuu ya taifa katika Uganda.

Askofu Festo Kivengere wa Kigezi aliponea chupuchupu. Alivuka milima kwa miguu usiku, yeye na mkewe, mpaka Rwanda, na kisha akakaa kwetu Kenya. Mwaka huo huo wa 1977 aliandika kitabu kidogo kwa Kiingereza, na jina la kitabu hicho lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Watu walishangaa. Wengine walikasirika. Lakini askofu hakuwa akisema kwamba Amin hana hatia. Alimshuhudia mbele ya dunia nzima kuwa mwuaji. Alikuwa akikataa kitu kimoja tu, kwamba chuki ya Amin iingie na kukaa moyoni mwake. Alijua kwamba ikiwa itakaa humo, siku Amin akianguka, chuki hiyo itatafuta mtu mwingine wa kumla.

Na kweli ilitafuta. Katika sehemu za Ankole, Waislamu waliuawa na majirani zao mwaka 1979, kwa sababu Amin alikuwa Mwislamu. Watu waliokuwa wamechimba kisima kimoja, na kuoleana, na kuuziana ndizi. Ninawaomba Wakristo wanaonisikiliza wasilisahau hilo. Mwuaji akianguka, wewe uliye na msalaba shingoni usiende kumtafuta mtu wa dini yake.

Sasa sikilizeni habari ya mji wa mwisho. Amin alikuwa mtu wa West Nile, kaskazini magharibi kabisa ya Uganda, na askari wake wengi walitoka huko. Mji mkuu wa sehemu hiyo ni Arua. Ikiwa kuna mji uliostahili kuogopa siku ile, ni huo. Watu wengi walikuwa wamekwisha kukimbilia Zaire na Sudan kabla jeshi halijafika. Waliosikia ya Masaka walisema moyoni, ikiwa Masaka, mji ulioonewa, walifanyiwa vile, sisi nyumbani kwao Amin tutafanyiwa nini?

Jeshi la Tanzania liliingia Arua katika siku za mwisho za vita, na mwanzoni mwa Juni 1979 lilikuwa limefika mpaka wa Sudan, vita vikaisha. Na wazee wa West Nile wamesimulia kwamba Watanzania hawakuja kwao kwa kisasi. Sisemi kwamba hapakuwa na kosa hata moja, maana jeshi ni watu. Lakini nyumba zilibaki zimesimama, na watu waliokimbia wakaanza kurudi mashambani mwao. Jeshi ni lile lile. Taifa ni lile lile. Miezi mitatu tu ilikuwa imepita tangu baruti za Masaka.

Baadaye Watanzania waliondoka katika sehemu hiyo, na mwaka 1980 watu wengine wenye visasi vyao walikuja. Askari wa zamani wa Amin walishambulia kutoka ng'ambo ya mpaka, na askari wa jeshi jipya la Uganda wakalipiza kwa wananchi. Vijiji vilichomwa moto, na maelfu kwa maelfu wakakimbia tena kwenda Zaire na Sudan. Hapo ndipo watu wa Arua walipotambua thamani ya mgeni mwenye bunduki ambaye hakuitumia kulipiza.

Wapenzi wasikilizaji, mimi natazama miji hiyo miwili, Masaka na Arua, nami najifunza hili. Haki iliyokuondoa nyumbani si ruhusa ya kufanya lolote utakapofika. Sababu ya Watanzania ilikuwa ile ile Masaka na Arua. Kilichokuwa tofauti ni waliyoyatenda baada ya adui kukimbia. Hata amri ya mkubwa haikutosha, kwa maana amri ya Mwalimu ilikuwa imetolewa kabla ya Masaka. Amri nzuri inahitaji mtu mmoja mmoja wa kuitii, pale anaposimama na kiberiti mkononi na hakuna anayemwona.

Na sasa, mama, nakuja kwako kama nilivyoahidi. Nanyi wababa.

Wengi wetu hatutaongoza jeshi. Lakini wengi wetu tuna kesi za mipaka ya mashamba. Pengine jirani alisogeza jiwe la mpaka, au aling'oa miti iliyopandwa na marehemu baba yako. Umekwenda kwa chifu, umekwenda mahakamani, umeuza ng'ombe kumlipa wakili, na baada ya miaka kumi hukumu imetoka. Umeshinda. Asubuhi unaamka na karatasi ya mahakama mfukoni, na vijana wako nyuma yako wana panga. Katika shamba lile kuna mahindi yanayokaribia kukomaa, aliyoyapanda mke wa jirani yako. Kuna kibanda anacholala mama yake mzee. Huo ndio mji wako. Milango yake imefunguka. Utakata mahindi yale? Utamtoa bibi kizee kwenye mvua? Karatasi inasema shamba ni lako. Karatasi haisemi utaingiaje. Hilo ni lako na Mungu wako.

Au pengine ni uchaguzi, hata ule wa halmashauri ya kanisa au wa chama cha ushirika. Upande wenu ulikuwa umeonewa miaka mingi, na sasa mmeshinda. Je, karani aliyewekwa na wale wa zamani atafukuzwa kesho, ingawa hakuiba hata shilingi? Je, watoto wao watanyimwa msaada wa karo kwa sababu ya jina la baba zao? Au ni nyumbani tu. Mmegombana na mwenzako, na imeonekana wazi mbele ya wazee kwamba wewe ndiwe uliyekuwa na haki. Utamkumbusha jambo hilo kila siku mpaka uzeeni?

Na wewe askari unayenisikiliza, ukiwa kambini au katika ulinzi wa amani ng'ambo ya mipaka yetu, au wewe polisi uliye zamu, tunakuombea. Kazi yako ni ngumu. Mji ukiwa mikononi mwako, kumbuka kwamba mama wa mji ule anakutazama mikono kwanza, kabla hajakutazama uso.

Watanzania walikaa Uganda mpaka mwaka 1981, kisha wakaenda kwao. Wenzao waliokufa vitani wamezikwa Kaboya, katika Mkoa wa Kagera. Amin alikufa Jeddah mwaka 2003, mbali na nyumbani. Masaka imejengwa tena. Lakini walioishi siku zile wangali wanasimulia, na wanasimulia yote mawili. Wanamtaja aliyewafungulia gereza, na wanamtaja aliyewalipulia nyumba. Wewe nawe, watu watasimulia namna ulivyoingia siku uliposhinda.

Juma hili, ikiwa yuko mtu uliyemshinda katika jambo lo lote, mtafute. Usiende kumhubiria. Mpelekee kitu cha kula, kama Elisha alivyoagiza, au mwalike aje anywe chai kwako. Kama ni mahindi, mwache avune.

Tuombe. Ee Bwana, uliyepewa mamlaka yote lakini ukawasamehe waliokusulibisha, utuhurumie sisi tunaopenda kushinda. Uwakumbuke watu wa miji yote inayokaliwa leo na majeshi ya wageni. Uwape askari mioyo inayouliza kabla ya kupiga. Nasi utufundishe kuingia kwa upole mahali ulipotufungulia mlango. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.